Mkate Ulioungua Chini

Nyumba ya Bi. Remei, ghorofa ya juu,
Mtaa wa Kisima,
Benifoix, Hispania.

28 Mei 2019

Mpendwa Dada Targelia,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako, yule ambaye marehemu Baba alisema hawezi kufika hata mjini kwetu Latacunga bila kupotea. Leo anakuandikia kutoka ng'ambo ya bahari, ameketi kivulini, miguu ameiweka juu ya kreti ya machungwa kama waziri. Mimi ni mzima kabisa. Mgongo tu ndio hununa kila msimu wa kuchuma unapokwisha, nami nauambia ukome, kwani ukoo wa Chicaiza haununi.

Wewe hujambo? Shemeji Anselmo kikohozi kimemwacha? Na goti la Mama? Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, kisha msomee kwa sauti, polepole, wala asikukatize. Kwenye simu hatufiki mbali. Nikisema "Mama" tu analia, akilia nami nalia, salio linakata tukiwa bado kwenye hujambo. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua hailii.

Simbilisi wako wamezaana mpaka wangapi sasa? Usiwachinje wote siku ya Mtakatifu Petro. Niwekee wawili walionona. Sababu utaiona mbele.

Katika barua yako ya Krismasi uliniwekea mstari mmoja wa Mama: "Mwulize kama nimngoje au nife tu." Dada, mstari ule niliukata kwa mkasi nikautia kwenye pochi pamoja na picha ya Baba. Kimya changu hakikuwa kiburi. Sikuwa na jibu. Leo ninalo, lakini mimi nimelipata kwa jasho, kwa hiyo nanyi mtalipata kwa zamu yake. Mama, tulia.

Mnajua jinsi nilivyokuwa. Bila kadi ya ukaazi naweza kutoka Hispania siku yoyote, ila mlango unafungwa nyuma yangu. Nimekaa miaka sita hivyo, kama kuku ndani ya tenga: naiona njia, siwezi kuipita. Ili nipewe kadi walitaka miaka ya kukaa, nami ninayo. Walitaka mwajiri wa kunitilia sahihi, na Bi. Remei mwenye shamba alitia sahihi kubwa hata ikatoka nje ya mstari. Kilichobaki kilikuwa karatasi moja ya manispaa, ya kusema kwamba Wilfrido Chicaiza amekuwa mtu wa hapa. Nikaona hilo ni jambo dogo. Nani hapa asiyenijua? Hata wali wao wa kwenye sufuria bapa naupika mimi wakiwa na wageni, nao huniuliza siri yangu. Siri ni kwamba sifuati wanachoniambia.

Sasa nirudi nyuma mpaka Januari ya mwaka jana, kwa maana shida ilianzia kwenye mkate.

Hapa nao wana Mtakatifu Antoni, yuleyule wetu mwenye ndevu na nguruwe miguuni. Siku yake watu hupeleka wanyama kanisani, paroko anawanyunyizia maji ya baraka, kisha kila mtu hupewa mkate mdogo wa duara. Mikate huokwa na Mzee Batiste, mwokaji mstaafu na mtunza funguo za kanisa, mtu mzuri lakini mkono wake ni mgumu kufunguka kuliko mlango anaoulinda. Nikapanga foleni nikiwa na paka wa Bi. Remei, yule chongo. Wengine wote walipewa kimkate cha kiganja. Nilipofika mimi, Mzee Batiste akanitazama, akainama chini ya meza, akaibuka na mkate mkubwa kama gurudumu, akaniwekea mikononi. Mikono miwili, Dada! Mbele ya umma!

Nawe unajua kwetu Chaquiloma mkate mkubwa wa mtakatifu hautolewi ovyo. Anayeupokea kwa mikono miwili ndiye mwenye sikukuu ya mwaka unaofuata. Atalisha kijiji, atacheza na mkate wake uwanjani, kisha atamkabidhi mwingine. Anayeukataa, mahindi yake yanaota kichwa chini. Baba aliupokea mwaka niliozaliwa mimi, na mpaka leo watu hutaja ile supu. Basi mimi pale nilisimama na paka begani na mkate kifuani, machozi yananitoka. Nikajisemea, Wilfrido, hawa watu wamekupokea. Wewe mgeni, bila hata karatasi, wamekupa sikukuu yao.

Nikaanza maandalizi siku ileile. Nilimtafuta Kléver, yule mwenzetu wa Riobamba aliye huku, anayechoma nguruwe mzima mpaka ngozi inalia kama kioo, akakubali bila kuuliza. Wenzetu wa nyumbani walio vijiji vya jirani nao wakaahidi kama desturi ilivyo: huyu mahindi meupe, yule viazi, yule sukari na mdalasini kwa kinywaji chetu cha moto. Na usidhani niliwaficha wenyeji. Niliwatangazia wote! Ila shida ya mdogo wako unaijua. Miaka sita nimewachekesha, kwa hiyo nikisema kweli wanashika mbavu.

"Mwakani nawalisha kijiji kizima!" nawaambia baani.

"Ndiyo, Wilfrido, na sisi tutakuja kwa ndege zetu."

Novemba nikaitwa manispaa. Kila Jumanne huja afisa wa ustawi wa jamii kutoka mjini, Bi. Empar, miwani imening'inia kwa mnyororo, kalamu mbili mezani. Yeye ndiye wa kuandika ile karatasi. Akaniuliza kama najua lugha, nikamjibu kwa lugha zao mbili, ile ya kijijini nikainyunyiza juu kama chumvi. Akauliza nani ananifahamu, nikamwambia fungua dirisha uite jina langu. Akatabasamu kidogo. Kisha akauliza, "Na shughuli za kijiji, unashiriki?"

"Kushiriki? Bibi, sikukuu ijayo ya Mtakatifu Antoni ni yangu."

"Yako kivipi?"

"Mimi ndiye mwenyewe. Nimepewa mkate."

Akaandika. Nikatoka pale nikitembea katikati ya barabara, magari yanipishe.

Kabla ya Krismasi akaniita tena. Safari hii hakutabasamu.

"Bwana Chicaiza, nimeuliza. Paroko hajui habari hiyo, meya hajui, mtunza funguo hajui. Kijiji hiki hakina mwenye sikukuu, wala hakijawahi kuwa naye. Kila mtu huleta mnyama wake na kurudi kwake. Je, ulinidanganya?"

Dada, nimewahi kudanganya katika maisha yangu, hasa kwa wanawake na kwa watoza ushuru, na sijawahi kukamatwa. Siku niliposema kweli tupu ndiyo niliyonaswa. Nikajaribu kumweleza habari za Chaquiloma. Akanisikiliza mpaka mwisho, sikatai, kisha akafunga jalada.

"Nitamwandikaje kuwa mtu wa hapa," akasema, "mtu asiyejua hata sikukuu ya hapa inavyokwenda?"

Karatasi yangu akaiweka pembeni mpaka sikukuu ipite. Atakuja mwenyewe aone. Na siku hiyohiyo, nilipofika nyumbani, nikaikuta barua yako yenye ule mstari wa Mama.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Batiste. Nikamkuta anapaka mafuta bawaba za kanisa.

"Mzee, ule mkate ulinipa kwa nini?"

"Mkate gani?"

"Mkubwa! Kwa mikono miwili! Januari!"

Akakuna sikio. "Aaa, ule. Ule uliungua chini. Hakuna aliyeutaka, nawe ulikuwa unautazama kama mbwa mlangoni kwa muuza nyama."

"Basi ni hivyo tu?"

"Hivyo tu. Kwani uliula?"

"Mpaka makaa yake."

"Basi una tumbo zima, mshukuru Mungu."

Alipoona sicheki, akaweka chini kopo la mafuta. Nikavaa kofia yangu, nikaondoka.

Kléver aliposikia akasema tuache. "Ndugu yangu, utajifanya kichekesho mbele ya yule bibi, na kadi uikose kabisa. Vaa shati safi, shika paka, pokea kimkate chako kama wenzako, nyamaza." Hayo yalikuwa maneno ya akili. Nilikaa nayo siku mbili. Lakini kila nikiutoa ule mstari wa Mama, namwona Mama mwenyewe, mwaka ule wa mvua ya mawe, tumekosa hata mbegu, bado anawapikia wacheza ngoma kwa sababu Baba alishaupokea mkate. Je, mtakatifu alijua kwamba mkate umeungua chini? Mimi niliupokea kwa moyo wangu wote. Niliyemwahidi hakuwa Batiste.

Nikamweleza Bi. Remei. Ana miaka themanini na mmoja, anatembelea mkongojo, na bado anawapigia kelele wachumaji kutoka dirishani. Akaniambia, "Choma nguruwe wako. Watu wa hapa maneno hawaelewi. Harufu wanaielewa."

Siku ikafika. Jua kali, baridi ya kuuma masikio. Wanyama wakabarikiwa: mbwa waliovaa makoti, farasi wanne, kobe mmoja ndani ya beseni, na chongo wetu aliyemparura paroko. Vimkate vikagawiwa. Watu wakaanza kugeuka waende zao, na hapo ndipo Kléver na wenzetu wakaingia uwanjani wamebeba nguruwe mzima juu ya ubao, mwekundu, anang'aa, pilipili mdomoni. Nyuma yake mahindi, viazi vya kukaanga, masufuria ya kinywaji chetu yanafuka. Tukaweka meza. Nikavua kofia, nikasema, "Jamani, karibuni!"

Hakuna aliyesogea. Dada, watu mia tatu, mikono mifukoni. Nilisikia kobe akikwaruza beseni.

Mwishowe mwenye baa akauliza kwa mbali, "Sahani moja kiasi gani?"

"Haiuzwi."

"Ni harusi?"

"Hapana."

"Amekufa mtu?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi unagombea umeya!"

Wakaangua kicheko, na bado hakuna aliyekuja. Hapa kwao ukilishwa bila mwaliko, basi kuna mtego. Na kule pembeni mwa kisima nikamwona Bi. Empar ndani ya koti lake la kijivu, kalamu mkononi. Nikafikiri, Mama, yameisha.

Ndipo nikasikia mkongojo. Kwa, kwa, kwa. Bi. Remei alivuka uwanja mzima peke yake, akafika mezani, akamtazama nguruwe machoni, akamng'oa sikio kwa mkono wake mwenyewe. Akalitafuna. Ngozi ikalia, uwanja mzima ukaisikia.

"Mnangoja nini?" akawapigia kelele. "Miaka sita mtu huyu anawachumia machungwa na kuwachekesha bure. Leo anawalisha bure, ghafla mmekuwa na aibu? Wewe Batiste, tangu lini ukaogopa cha bure?"

Basi! Mgeni njoo, mwenyeji apone, na wenyeji walipona siku ile. Foleni ikazunguka kanisa. Mwenye baa akafunga baa yake akaja na viti. Wenye bendi waliokuwa wameshafunga ala zao wakazifungua tena, wakapiga za kwao, Kléver akawaimbia za kwetu, wakazishika katika kurudia mara ya pili. Paroko alikula sahani tatu huku akisema yuko kwenye mlo maalumu. Na mimi nikautoa mkate wangu, nilioupika usiku wa jana yake kwenye tanuri la Bi. Remei, mkubwa kuliko ule wa mwaka jana, nikauweka kichwani nikacheza nao kama Baba. Wewe ulikuwa unanicheka nilipokuwa mdogo. Ungeniona sasa! Wanawake wa Benifoix wamekiri hadharani kwamba mabega kama haya hawajayaona.

Lakini sikukuu haijaisha mpaka mkate upate mwenyewe mwingine. Kléver, mdomo wake hauna mlango, alikuwa ameshawaeleza maana yake. Basi kila nilipomsogelea mtu na mkate, anarudi nyuma, mikono mgongoni, anacheka. Meya alijificha nyuma ya farasi. Nikazunguka mara moja, nikazunguka ya pili, bendi inapunguza sauti, kicheko nacho kinapungua. Dada, wewe unaelewa. Mkate ukikosa mtu, basi yote yale yalikuwa maonyesho ya mgeni na nguruwe wake. Bi. Empar alikuwa ameacha kuandika, ananitazama tu.

Mzee Batiste akaweka sahani chini. Akajifuta vidole kimoja kimoja. Akaja mpaka katikati ya uwanja, akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete. Niliyeyaanza ni mimi."

Nikampa. Unajua alichofanya? Aliupindua akaukagua chini, kwa jicho la mwokaji.

"Haujaungua," akawatangazia watu. "Mpumbavu huyu ameniaibisha."

Uwanja ukalipuka. Bi. Remei akasema anataka kuishi mwaka mmoja zaidi, amwone Batiste akilisha watu. Na Bi. Empar akaja mezani, akamwuliza Batiste, "Basi mwenye sikukuu yupo au hayupo?"

"Mwaka huu alikuwepo," Batiste akamjibu. "Mwakani ni mimi, Mungu anisaidie."

Bi. Empar akaomba sahani, akala amesimama.

Jumanne iliyofuata akanisomea karatasi yangu. Ilikuwa mistari michache ya kiserikali, miaka, kazi, lugha. Mstari wa mwisho alisema hajui kama wakubwa wake watauacha, lakini ameuandika: "Nilikula kwake, pamoja na kijiji chote." Nikataka kumkumbatia, akaniwekea mkono mbele, akasema ana watu wengine wanangoja.

Ikapita Februari, Machi, Aprili. Nilikuwa nikisikia pikipiki ya posta nakimbia na mkasi wa kuchumia mkononi, mpaka mpeleka barua akawa ananipigia kelele kutoka mbali, "Bado! Weka silaha chini!" Wiki iliyopita hakupiga kelele. Alisimama, akazima pikipiki, akavua helmeti.

Nimekubaliwa, Dada. Alama za vidole nimeshaweka, kadi yenyewe naichukua mwezi ujao. Natoka na kurudi kama mwenye nyumba.

Basi Mama, sasa sikiliza jibu lako: ningoje. Naja tarehe 11 Agosti, Jumapili, nimeshakata tiketi, ya kwenda na ya kurudi, na ile ya kurudi ni ya mwisho wa Septemba, kwa hiyo utanichoka. Usife hata kidogo.

Habari nyingine ni ndogondogo. Bi. Remei ananidai nikirudi nije na mbegu za mahindi yetu meupe, anataka kuwaonyesha jirani zake. Kléver amechumbia binti wa mwenye baa, yote kwa sababu ya ngozi ya nguruwe. Na kwenye uchaguzi wa juzi kura tatu ziliharibika kwa sababu watu waliandika jina langu. Mimi sisemi kitu, nawaachia wananchi.

Nisalimie Shemeji Anselmo, mwambie nimemnunulia kofia. Nisalimie Mjomba Rigoberto na nyumba yake yote, na Shangazi Delfina, mwambie zile habari alizosikia kwamba nimenenepa ni za kweli. Binti yako Nelly, mwambie ajiandae kunifundisha kutuma picha. Mungu awafunike wote kwa blanketi lake, na baridi ya huko juu isiwaguse mpaka nifike.

Jambo la mwisho. Mzee Batiste aliposikia naja, aliniuliza Mama anapenda mkate wa namna gani. Ameapa atawasha tanuri lake la zamani siku moja kabla sijasafiri, aoke mmoja mkubwa, nami niufunge kwa kitambaa niubebe mapajani mpaka Quito. Nitamkabidhi Mama mlangoni. Mwambie mapema asije akashtuka na kuficha mikono. Apokee kwa mikono yote miwili, bila hofu. Huu hauna sikukuu nyuma yake. Huu ni wa kula tu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata ukimkaripia,

Wilfrido